Mjadala: Je, Surya Bonaly alidhulumiwa na majaji, au alivunja kanuni kwa makusudi?

Mtoa mada, Kinondoni:
Ndugu zangu, jana jioni pale Coco Beach, tukiwatazama vijana wa sarakasi wakipiga samasoti mchangani, rafiki yangu alidai kwamba Surya Bonaly, Mfaransa mweusi aliyekuwa bingwa wa Ulaya wa kuteleza kwenye barafu mara 5 mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995, alidhulumiwa maisha yake yote ya michezo, na kwamba ushahidi ni samasoti ya Nagano. Mimi nasema huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Katika Olimpiki ya 1998 alijirusha kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja, juu ya chuma cha kiatu chenye upana wa milimita 4 hivi, huku akijua fika kwamba mtindo huo ulipigwa marufuku tangu miaka ya 1970. Alikatwa alama, akamaliza wa 10. Dhuluma iko wapi hapo?

Anayetaka kumtetea na aanzie Chiba, Japani, mwaka 1994. Majaji walitoa alama za ufundi na za mvuto wa onyesho, na huo mvuto kila mmoja huupima kwa jicho lake. Wakagawanyika, 5 wakampa ubingwa wa dunia Yuka Sato, binti wa nyumbani, na 4 wakawa upande wa Bonaly. Wakati wa kutunukiwa alisimama kando ya jukwaa, akabembelezwa hadi akapanda, kisha akaivua medali ya fedha shingoni huku watazamaji wakimzomea. Wengi walimwona hana adabu. Mimi naona alikuwa amechoka, ingawa mshindi mwenzake hakustahili kuharibiwa siku yake. Mwaka uliofuata akapata fedha tena, ya tatu mfululizo.

Mchangiaji, Temeke:
Mtoa mada, kuhusu Chiba nakuunga mkono, lakini Nagano umeipita haraka mno. Miongoni mwa hoja za kuitetea marufuku ile ni kwamba mruko halali hutuliwa kwa mguu mmoja, ilhali samasoti hutuliwa kwa miwili. Bonaly akatua kwa mmoja, na bado akakatwa alama. Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaiondoa marufuku yenyewe. Sasa, kama sababu ilikuwa hatari tu, hiyo barafu imelainika lini?