Naomba ushauri: monita 2 kwenye tundu moja la HDMI

Wakuu habarini, niko Nyegezi hapa Mwanza nina kasteshenari, laptop yangu ina tundu moja tu la HDMI na mi nataka monita mbili, moja ya kutaipia nyingine imgeukie mteja aone CV yake inavyopangwa maana wanachuo wa huku kwa kurudisha kazi hawajambo. Jamaa wa mjini kaniuzia spilita (kigawanyio cha HDMI), nikichomeka zote zinaonyesha kitu kilekile, hata mshale wa mausi unatembea kotekote kama mapacha. Naona habu za MST (zile zinazogawa tundu moja kwa monita kadhaa, kila moja na picha yake) zinataka DisplayPort, tundu lingine la picha, yangu haina, zimebaki USB 3.0 tu. Vipi adapta ya USB yenye DisplayLink, ile inayopitisha picha kwenye USB kwa msaada wa programu, itanifaa kwa Word na Excel au itakula sana prosesa? Mashine ni i5 ramu 8. Anayejua duka la hapahapa Mwanza wanazo anitajie na bei.