Petroli ya boti imekosekana, lakini pesa za "ubunifu" zipo

Wanajamvi, leo nimechoka kunyamaza.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, na ninaishi kisiwa cha Pate, Lamu. Zamani tulikuwa kikundi cha watu sita. Kwa zamu, mmoja wetu anavuka kwenda kliniki na kurudi na makopo ya wote, dawa za miezi mitatu. Ukifika wakati wa kupimwa damu, muuguzi anatufuata kwa boti. Kopo langu nalijaza pamba lisilie mkobani, maana kwenye boti mnakaa goti kwa goti na kila mtu ni jamaa wa mtu.

Virusi vikashuka hadi kipimo hakivioni. Nikazaa, na mtoto hana kitu. Mbinu mpya wanayoitafuta kwa jina la "ubunifu" ndiyo hiyo! Tulikuwa nayo, ikifanya kazi, kwa petroli na muuguzi mmoja.

Lakini petroli yenyewe ilikuwa ya Mmarekani. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003, ndio uliotubeba. Januari 2025 wakafunga mkono, boti ikapandishwa pwani na muuguzi akaenda zake. Simlaumu mgeni, chake ni chake. Kinachonichoma ni kwamba serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na miaka yote hiyo serikali yetu imengoja mtu wa nje atutilie mafuta.

Sasa nahesabiwa vidonge 14 ndani ya bahasha ya kaki. Kumi na vinne! Kila wiki mbili nivuke, nauli ni mauzo ya mahamri ya siku tatu, na maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki. Wakati huohuo pesa za "ubunifu" zimenunua tableti za kuandikisha wagonjwa. Tableti itanivusha?

Wanatuambia pia kuna sindano ya kila miezi miwili, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeipendekeza tangu Julai 2025. Naitaka, wallahi naitaka. Lakini inataka friji na mtu wa kuidunga. Kidonge kimeshindwa kufika, sindano itafikaje?

Na dawa hizi hazitaki kukatizwa: virusi vinapanda, na vinaweza kuizoea dawa, ile unayomeza isikufae tena.

Kusi imeingia. Bahasha yangu inaisha Alhamisi na nahodha amesema hatoki. Anayejua fungu la boti limekwama kwa nani aandike hapa, nitamfuata mwenyewe ofisini.