Inveta ya 3 kW na umeme wa LUKU: naunganishaje bila hatari?

KimaraJuu:
Wakuu, nina inveta ya haibridi ya 3 kW, volti 24, betri mbili za asidi za 12V 200Ah na paneli nne za wati 550. Nyumba ina DB (kisanduku cha breka) moja. Fundi anashauri waya wenye plagi dume pande zote mbili: huku inveta, huku soketi ya ukutani, halafu nazima meini swichi umeme ukikatika. Nataka friji, taa, TV na ruta tu. Ni salama?

Fundi Nyaya:
Usikubali, mkuu. Plagi ikichomoka, pini zina volti 230 na ziko wazi. Meini swichi ikisahaulika, umeme wako unarudi nje hadi kwenye transfoma na kupandishwa kuwa maelfu ya volti. Mara nyingi inveta itazima kwa kuzidiwa na nyumba za jirani, lakini laini ikiwa imekatikia karibu na kwako, hakuna wa kuizidi, itaendelea kupeleka umeme, na fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo. Umeme ukirudi ghafla, transista za inveta zinapasuka.

Ongeza DB ndogo. Kutoka DB kubwa, breka ya 20A na waya wa 4 mm² hadi AC IN (inveta inapopokea umeme wa LUKU). AC OUT (inapotolea umeme) iende DB ndogo. Hamishia huko taa, friji na soketi ya TV. Pasi, birika na hita ya kuogea zibaki DB kubwa. Kabla ya DB ndogo weka chenjiova (swichi ya kuchagua chanzo cha umeme) ya poli mbili, yenye nafasi 1-0-2, ili inveta ikiharibika utumie LUKU moja kwa moja.

Wengi hukosea kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme). Ukihamisha laivu ya taa, hamisha na nyutro yake kwenye baa ya DB ndogo. Ikibaki DB kubwa, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya DB ndogo inaruka kila ukiwasha taa.

MamaSola:
Upande wa betri ndio unaochoma nyumba. 3000 ÷ 24 ni ampea 125. Ukiongeza upotevu, karibu 140. Tumia waya wa 50 mm², usiozidi mita 2, lagi (vichwa vya waya) zibanwe kwa koleo la haidroliki, si nyundo. Fyuzi ya 160A ikae ndani ya sentimita 30 kutoka chanya ya betri.

Paneli zako nne kwa mfululizo zinakaribia volti 200 bila mzigo, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Soma kibandiko: baadhi ya inveta za 24V mwisho ni 145V. Hapo panga mbili-mbili kwa mfululizo, kisha unga jozi hizo sambamba. Breka ya paneli iwe ya DC. Ya AC haiwezi kuzima cheche ya DC.

Chaji iwekee kikomo cha 30A, la sivyo jua la mchana litachemsha betri hizo. Zikae penye hewa, kamwe si chumbani.

KimaraJuu:
Asanteni. Niunge nyutro na ethi (waya wa ardhi) ndani ya DB ndogo?

Fundi Nyaya:
Usiunge kwa mkono. Inveta ikiwa kwenye betri, pima N na ethi. Karibu sifuri, imeunga yenyewe. Ikionyesha makumi ya volti, nyutro inaelea (haijaungwa na ethi) na RCCB huenda isikulinde. Angalia kwenye kitabu chake kama kuna relei (swichi ya ndani) ya kuunga nyutro na ethi, uiwashe. Kisha bonyeza kitufe cha T cha RCCB ukiwa kwenye LUKU, rudia ukiwa kwenye betri. Kitufe hicho hupima RCCB yenyewe tu, hivyo kipimo cha ethi kifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.