Jora la kwanza neivi imekolea, majora ya mbele yanapauka. Tatizo ni nini?

shifti_ya_usiku
Wakuu habari za muda huu. Nipo kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar, juzijuzi nimehamishiwa upande wa rangi. Tunapiga neivi bluu kwenye drili ya pamba ya sare za shule, kwa ile mashine ya mfululizo, kitambaa kinazama kwenye trafu (lile karai la rangi), kinakamuliwa na rola, kinapita draya, halafu kinapewa kemikali na kuingia kwenye mvuke. Sasa jora la kwanza linatoka neivi kweli, kadiri tunavyoenda rangi inafifia, na rangi kwenye tanki ni ileile hatujaongeza maji. Supavaiza anasema rola zimelegea, mi naona kama sio.

fundi_rangi
Sio rola mkuu. Pamba inaipenda rangi kuliko maji. Watu wanadhani kitambaa kinabeba yale maji ya rangi kama yalivyo, kumbe nyuzi zinaivuta rangi zikiwa bado ndani ya trafu na maji yanabaki, kwa hiyo trafu linazidi kuwa jepesi, mpaka rangi inayoingia kutoka tanki ilingane na ile inayoondoka na kitambaa, hapo ndo shedi inatulia. Trafu likiwa kubwa unasubiri sana na majora yote hayo yanaharibika. Tumieni trafu dogo, na ile rangi ya kuanzia kwenye trafu izimueni na maji kidogo, ya tanki iacheni kama ilivyo. Chumvi na magadi visiingie trafu la kwanza kabisa, vinazidisha huo mvuto, kazi yao ni kule mbele kabla ya mvuke.

shifti_ya_usiku
Aisee trafu letu ni kama bafu 😂 Na kuna jora moja pembeni limepauka katikati limekolea, hiyo nayo?

mama_drili
Hapo sasa ndo supavaiza wako ana pointi, rola zinabana pembeni kuliko katikati. Kata vipande vitatu vya saizi moja, kushoto, katikati, kulia, pima vikavu, pitisha kwenye rola pima tena. Kipande cha gramu 100 kikitoka na 170 kimebeba asilimia 70, vyote vitatu vinatakiwa vilingane. Ila kabla ya kugusa rola dondoshea tone la maji kwenye kitambaa kikavu sehemu mbalimbali, likikaa juu linang'aa ujue wanga wa kufumia haujatoka vizuri, na hapo hata ubane rola vipi rangi haiingii sawa.

dogo_wa_lebo
Naongezea draya. Kitambaa kikiwa kimelowa rangi bado inatembea, inafuata maji kule yanakokauka haraka, ndo maana unakuta upande mmoja umekolea mwingine umepoa. Sisi tunaanza na joto la infraredi taratibu ndo kiingie draya, na tunaweka alijineti kwenye trafu, ile ya kuzito inayozuia rangi isitembee, inatokana na mwani wa kahawia, sio huu wa Zanzibar.

shifti_ya_usiku
Leo naingia saa nne usiku, naanza na tone la maji. Trafu dogo itabidi niongee na watu wa wekshopu, maana hilo lililopo limechomelewa.

fundi_rangi
Usilichomoe, waambie wakuwekee boksi la bati la stenlesi ndani yake lipunguze nafasi ya maji. Ila liwe mbali kidogo na kitambaa, likigusa litakuwekea mistari.