Naomba ushauri: nimfikieje mbunge kuhusu programu za simu zisizosomeka kwa tusioona?

Habari zenu wakuu. Mimi sioni, natumia simu kwa TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti. Sasa programu ya benki yangu kila nikigusa inasema tu "kitufe, kitufe, kitufe". Kipi cha kutuma hela, kipi cha kufuta, sijui. Naishia kumtajia mpwa wangu namba ya siri (mtoto mwaminifu, ila siri gani hiyo ya watu wawili?).

Tanzania tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikaja 2010. Nataka wabunge wawabane wenye programu. Nianze na mbunge wa jimbo langu au niiandikie kamati ya Bunge? Na hiyo sauti ya "kitufe" nikiirekodi, naiambatanishaje na barua?