Kupanda Kilimanjaro wiki ya uchaguzi na mama umemuacha Arusha, nyie mngefanyaje?

Baba Neema wa Kiborloni, 11 Oktoba 2025

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa Moshi na Arusha na wale mnaofanya kazi mlimani.

Mimi na mke wangu mwezi huu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Miaka yote hiyo tukifungua mlango wa jikoni asubuhi mlima tunauona ule pale, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka geti la Marangu, tumeishia kusikia hadithi za wageni. Mwaka huu tukajichanga, mwezi wa sita tukalipa nusu, siku tano njia ya Marangu, kuanza Jumapili tarehe 26. Wakati ule tarehe ya kura ilikuwa haijatangazwa. Sasa nimekaa na kalenda nahesabu ndo naona asubuhi ya tarehe 29 wenzangu wako kwenye foleni ya kupiga kura mimi ndo nipo kwenye changarawe za Kibo, karibu na kilele.

Na hali mnaiona wenyewe. Mwenyekiti wa Chadema yupo ndani tangu Aprili kwa kesi ya uhaini, chama chenyewe hakimo kwenye karatasi za kura, mitandaoni kila mtu anaongelea tarehe 29, kila nikienda sokoni watu wanaongea kwa sauti ya chini. Mama yangu anakaa Ngarenaro na mdogo wangu wa kike, ana presha, na nyumba yao haiko mbali na barabara kubwa. Watoto tutawaacha kwa bibi yao mzaa mama hapahapa Moshi.

Mke wangu anasema tuache. Mimi roho inaniuma kuacha, ila kulala kambi ya Horombo kule mlimani bila kujua mama amelalaje nako siwezi. Kampuni wanasema hela hairudi ila tarehe inasogezeka. Nisaidieni mawazo.

Mgumu wa Mandara

Mkuu mimi nabeba mizigo mlima huu mwaka wa tisa sasa. Mlimani kwenyewe usiogope, mlima hauna kampeni, shida inakuwaga getini kushuka chini na barabarani.

Ila kuna jambo hujaliandika na naomba usikasirike. Ukiwa na wageni wawili tu tunapanda watu wengi, muongozaji na msaidizi wake, mpishi, wagumu yaani wabeba mizigo watano au sita. Kura Tanzania unapiga kituo ulichojiandikisha. Ukianza tarehe 26 hujajinyima wewe na shemeji tu, umetunyima na sisi watu wanane, na mgumu hawezi kukataa kazi kwasababu akikataa leo kesho haitwi. Mwaka 2020 kura ilikuwa tarehe 28 Oktoba mimi nilikuwa Horombo na mtungi wa gesi mgongoni, sikupiga, mpaka leo naijutia.

Kwahiyo fanya hivi, sogeza ianze tarehe 29 yenyewe. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, piga kura Kiborloni, wagumu wengi ni wa Marangu, Mamba na Kilema tutapiga kwetu, saa nne au tano tunakutana getini. Kutoka getini mpaka Mandara, kambi ya kwanza, ni msitu, masaa matatu au manne, unafika mchana mwanga upo.

Na hela ya wagumu beba taslimu mkuu. Usije kutuambia mtatumiwa kwenye simu, mtandao ukigoma siku hiyo mtu anarudi nyumbani kwake mikono mitupu baada ya siku tano za baridi. Ugawe noti ndogondogo kwenye bahasha, kila mtu yake.

Mangi wa Old Moshi

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na naongea kama kaka. Nchi ipo kwenye mtihani mkubwa, baba mwenye familia anakaa nyumbani. Mlima upo tangu babu zetu, hauondoki mwakani. Wewe fikiria tu mama anapata shida saa nane usiku, mdogo wako anapiga simu, inasema haipatikani, unashuka saa ngapi? Kutoka Kibo mpaka getini huo ni mwendo wa siku nzima hata kama unakimbia. Tarehe inasogezeka, isogeze mpaka tarehe 9 Desemba, watu wengi wanapanda kwa ajili ya Uhuru, ndo siku Luteni Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kule juu mwaka 1961. Mtapanda na furaha.

Dada wa Sakina

Wote mmeongea vizuri ila mimi nimuongelee mama, maana nami nina mama mwenye presha na sukari.

Kaka, usimwache Ngarenaro. Mpandishe gari ya Noah mapema, tarehe 24 au 25, akae huko Moshi na wajukuu, akibisha mwambie wajukuu wanamtaka, mama hawezi kukataa hilo. Na mdogo wako aje naye. Dawa zake mnunulie za mwezi mzima, msikubali za wiki, maduka ya dawa yakifungwa siku tatu tu tayari ni tatizo. Unga, mafuta, gesi, maji, na hela ya mkononi. 2020 WhatsApp na Twitter zilianza kugoma kabla hata ya siku ya kura, sisi tulikuwa tunawasiliana kwa SMS kama zamani, kwahiyo mnunulie mama kitochi, ile simu ndogo ya batani, na wewe beba kitochi, chaji yake inakaa siku nne. Mkubaliane saa, mfano saa kumi na mbili jioni kila siku, na mkubaliane pia kwamba kimya siyo msiba, la sivyo mtauana kwa mawazo.

Ukifanya hayo mimi naona nenda. Miaka kumi ya ndoa siyo kitu cha kudharau.

Baba Neema wa Kiborloni

Asanteni sana. Mgumu wa Mandara umenigusa, kwakweli sikuwaza kabisa upande wenu. Nimewapigia kampuni leo, wamekubali tuanze tarehe 29 mchana. Mama nitamfuata mwenyewe. Mangi nimekusikia pia kaka, mke wangu amesoma ulichoandika akasema huyo ndo mtu mwenye akili. Nitaleta mrejesho.

Baba Neema wa Kiborloni, 6 Novemba 2025

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimechelewa kwasababu intaneti mnajua ilivyokuwa, halafu watu wamepoteza ndugu zao kwenye vurugu za uchaguzi, sikutaka kuja hapa kuandika habari za mlima kana kwamba hakuna kilichotokea. Poleni sana mliofiwa, poleni kwa moyo wote.

Mama nilimfuata tarehe 25 akaja na nguo zake na dawa za mwezi mzima. Mdogo wangu alikataa, alisema ana zamu kazini Alhamisi, akabaki Ngarenaro peke yake.

Tarehe 29 tulipiga kura asubuhi mapema, saa tano tukawa getini, tukaandikishwa kama kawaida. Mgumu mmoja alinionyesha kidole chenye wino huku anacheka, akaniambia asante baba. Mandara tulifika saa tisa mchana mvua nyepesi imeanza. Hapo ndo nikafungua simu, data hamna. Nikafikiri ni msitu. Kesho yake Horombo, mita 3,720, pale ambapo tangu 2022 wameweka hadi intaneti, nako kimya. Muongozaji akasema hapana, hii siyo ya mlima, imezimwa nchi nzima.

Mpishi alikuwa na redio ndogo ya betri imefungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Jioni ile wagumu wote walijaa kwenye kibanda cha kupikia, sufuria ya supu inachemka, hakuna anayeongea, mtu mmoja amenyanyua redio juu karibu na bati ili ishike. Tukasikia Dar es Salaam watu wameambiwa wasitoke usiku. Kijana mmoja mdogo, nafikiri hajafika miaka ishirini na mbili, kaka zake wako Dar, alitoka nje akakaa kwenye jiwe mpaka mpishi akamfuata na blanketi.

Saa kumi na mbili nikampigia mama kwa kitochi, ikaita mara ya tatu, akapokea. Yupo salama, watoto wamekula. Nikampigia mdogo wangu, haipatikani. SMS haikufika. Arusha kulikuwa kumechafuka, hilo mama alishaniambia. Usiku mawingu yakafunguka na taa za Moshi zikaonekana chini zote, zimetulia vilevile kama siku yoyote, na mimi nimesimama pale kwenye baridi na simu mkononi sijui kitu. Dada wa Sakina nilijirudia maneno yako, kimya siyo msiba, kimya siyo msiba. Mke wangu akasema ukitaka tushuke tunashuka sasa hivi. Tulikaa tukaongea mpaka saa nne. Tukakubaliana kwamba hata tukishuka Arusha hatutafika, barabara hatujui ikoje, kwahiyo tunaendelea ila kila mahali penye mtandao najaribu.

Kilele nitaongea kifupi. Tulitoka Kibo saa sita usiku kuamkia tarehe 1, mwezi ulizama kabla hatujafika pango la Hans Meyer, baada ya hapo ni mwanga wa taa za kichwani tu na changarawe inarudi nyuma na mguu. Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, mke wangu alitapika, nikasema inatosha, tukakaa tumeshikana tukaangalia jua linatoka nyuma ya Mawenzi. Sikwenda kilele chenyewe cha Uhuru na sijutii.

Tunarudi Horombo mchana ule redio inatangaza matokeo, na kitochi kikalia. SMS nne za mdogo wangu kwa mpigo. Ya kwanza ilitumwa tarehe 30, kaka nipo ndani kwa mama mwenye nyumba, tumefunga geti, usipige simu naokoa chaji.

Tarehe 2 getini bahasha za wagumu niliwapa mkononi, na kweli mawakala wa pesa za simu wote kuanzia getini mpaka Himo walikuwa wamefunga. Yule kijana nilimwongezea nauli maana alitaka aende Dar kuwatafuta kaka zake. Juzi amenitumia meseji, mmoja amepatikana, mwingine bado wanamtafuta hospitali kwa hospitali. Namuombea.

Mangi, kama swali ni ningerudia, sijui kaka. Ningemlazimisha yule mdogo wangu aje Moshi, hilo ndo najua. Bado hajaniambia mengi kwenye simu, anasema tutaongea ukija. Jumamosi na mama tunapanda gari kwenda Ngarenaro.