Redio mpya ya FM: jingo la kuimbwa au ala tupu?

mdau_Tanga: Wakuu, redio yetu inaingia hewani hivi karibuni. Vipindi ni habari, mijadala, taarabu na Bongo Fleva. Bajeti inatosha kulipa studio mara moja tu. Mkurugenzi anataka majingo (vipande vifupi vya muziki vya kuitambulisha redio) ya kuimbwa, mie naona ala tupu chini ya sauti ya mtangazaji zitadumu zaidi. Tuagize nini, na kwa vipimo gani?

Fundi_Sauti: Mkuu, msichague kimoja. Agizeni kwanza melodi ya utambulisho, noti tano hadi saba, kisha kila kitu kitoke humo. Studio iwape kila jingo kwa sura nne: kamili la sekunde 8, fupi la sekunde 3, waimbaji bila ala, na ala bila waimbaji. Hiyo ya nne irefushwe ifike dakika mbili, imalizike kwenye pigo ili irudiwe bila kukatika. Ndiyo muziki wenu wa chini. Mkipokea faili moja lililokwisha kuchanganywa, siku mkibadilishiwa masafa jingo lote limekufa. Na yawe WAV (faili la sauti lisilopunguzwa ubora), si MP3 (lililobanwa liwe dogo). Mara nyingi sauti hubanwa tena njiani kwenda mnarani, na MP3 ikibanwa mara ya pili matoazi na herufi "s" huanza kuchuruzika.

Mama_Vipindi: Naongeza la lugha, maana hapo ndipo majingo mengi yanapoharibika. Imbeni jina, masafa yasemwe. "Tisini na nane nukta tatu" ni silabi kumi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, sekunde 4 ni mapigo manane tu, na jina bado halijaimbwa! Halafu shadda: kama jina lina neno "Bahari", noti ndefu ikae kwenye "ha". Ikikaa kwenye "ri", msikilizaji anasikia neno geni. Mpelekeeni mtunzi rekodi ya mtu akilitamka jina kawaida.

mzee_wa_masafa: Kuimba kusidharauliwe. BBC Radio 1 ilipoanza mwaka 1967 ilitumia majingo ya kuimbwa ya PAMS ya Dallas, Marekani, kampuni iliyokwisha kuitengenezea Radio London, ile redio iliyorusha matangazo kutoka melini. Melodi yenye jina ndani yake mtu huondoka nayo kichwani. Ala tupu haisemi jina la redio. Ila la kuimbwa huchosha upesi. Liwekeni mwanzo wa saa na katikati ya nyimbo mbili za mwendo tofauti, si kila baada ya wimbo. Baada ya taarabu tumieni lile la waimbaji peke yao, tena acheni nusu sekunde ya kimya kwanza, la sivyo tuni mbili zitagombana.

Fundi_Sauti: Kwenye habari wekeni ngoma au ala isiyo na melodi nyingi, desibeli 15 hadi 18 chini ya msomaji. Kwenye muziki huo punguzeni desibeli 3 au 4 kati ya 1 na 4 kHz, konsonanti za msomaji zipate nafasi. Kosa la kawaida ni kupima studioni tu. Mtambo wa kusawazisha sauti kabla ya transmita hupandisha kilicho chini kila msomaji anapovuta pumzi, na muziki unavimba. Pimeni kwa redio ndogo ya spika moja iliyoshika masafa yenu. Hapo hapo mtajua kama ala zilizotanuliwa mno kwa stereo zinapotea kwenye mono, yaani spika moja.

mdau_Tanga: Shukrani sana. Kuna wazo pia la kuchukua ala ya wimbo uliovuma tuiweke chini ya habari. Inafaa?

Mama_Vipindi: Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi hata kama mmetoa maneno yake. Msidhani leseni ya kurusha nyimbo inawaruhusu kuugeuza wimbo wa mtu kuwa alama ya redio. Hilo ombeni ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi. Na kwa kazi mtakayoagiza, mkataba utaje kwamba melodi, ala na sauti za waimbaji vyote ni mali ya redio, na faili za kila chombo mkabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.